Shamba la Baba Limefika Huko

Kidete, Kilosa,
6 Machi 2025.

Mpendwa mdogo wangu Evance,

Marahaba, maana najua umeniamkia hata kama umenuna. Hujambo? Mafua ya pwani yamekuachia? Sisi wazima, ila Mama magoti yanamsumbua mvua ikinyesha, na sasa inanyesha kila siku.

Simu yako haipatikani, ndiyo maana naandika. Nimesikia umeshajenga kibanda kwenye kile kisiwa cha tope mlangoni mwa mto Wami, na unataka Lightness na watoto wakufuate. Evance, naogopa.

Ulisema bahari ikijaa inauzuia mto, maji yanatulia, tope linazama. Ikipwa, tope linabaki. Ukachomeka kigingi kama tufanyavyo huku, ukaona tope linakipanda, ukafurahi. Lakini ulikichomeka kiangazi, mto ukiwa hauna nguvu. Kigingi sharti kipite masika kwanza ndipo mtu ajenge, hilo nalo umelisahau? Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu, yakikutana na mafuriko yanayotoka huku milimani, siku yakipwa yataondoka na kisiwa chako na vyote vilivyo juu yake.

Tope hilo nalijua, ni letu. Mwaka jana mto wetu Mkondoa ulijaa mchanga, ukakosa njia, ukapita katikati ya shamba la baba na kuzoa udongo wote mweusi. Na Mkondoa unamwaga maji yake Wami. Udongo uliotukimbia sisi, unadhani utakaa kwa ajili yako?

Jana mkeo Lightness alikuja kuaga na mabegi. Nilisimama mlangoni nikamkatalia watoto, tena kwa maneno makali ambayo sikupaswa kumwambia. Hakubishana. Aliwaketisha jikoni, akawavua viatu, akaniambia, "Wifi, hawa nakuachia. Mimi nakwenda kumtoa mume wangu."

Kwa hiyo barua hii atakukabidhi yeye mwenyewe, leo anapanda basi Dumila. Namjua, atalala hapo hapo kwenye tope mpaka ukubali kuondoka. Jana nilikuwa na mtu mmoja wa kumhofia, leo ninao wawili.

Mama anakusalimu, na shemeji yako Casmir pia. Wanao wako nami: Goodluck anasema yeye halii. Editha ameweka viatu vyake mlangoni, hataki visogezwe.

Mungu awashikilie maji mpaka mvuke. Rudini wote wawili.

Dada yako akupendaye hata akikasirika,
Domina