Honi Kwenye Kona ya Ghala la Pamba

Jumapili, 6 Septemba 1998

Nimemfuta Koko vumbi kabla ya misa. Vioo, taa, usukani. Nimeunganisha betri, nimeikata tena. Bado ina nguvu. Mume wangu Etabo angefurahi.

Koko ni Landrova, gari la kwanza la chama chetu cha wenye magari hapa Baraka. Kampuni ya pamba ilimwacha amekufa, wanaume wakamfufua kwa vipuri vilivyovuka ziwa kutoka Kigoma. Baadaye wakapata mengine, yote ya Mwingereza, yote makuukuu. Watu walisema chama chetu kinaendesha kutu. Tulicheka nao. Sasa Koko yuko juu ya magogo nyuma ya jiko langu, amefunikwa nyasi askari wa vita hivi wasimwone.

Etabo askari walimchukua huko Fizi pamoja na gari lake jingine, awabebee mizigo. Tangu Agosti hakuna habari. Nimechoka kuulizwa.

Jumatano, 9 Septemba

Muzee Byaombe, mwenyekiti wa chama, amepita. Magari yamebaki mawili tu: lake, amelificha katika kibanda cha mihogo, na Koko. Moja lilichomwa huko Swima. Mengine yamechukuliwa.

Nilimwambia tutoe betri kabisa, tuzifukie. Akakataa. Etabo akirudi, tutamjibu na nini?

Ndiyo desturi yetu. Mwanachama akirudi kutoka safari hupiga honi kwenye kona ya ghala la pamba, mbili fupi na moja ndefu. Wenye magari wote hujibu, hata nyumbani kwake kwa honi ya gari lililobaki, na mkewe hubandika maji ya bugali. Nyumba yenye msiba haijibu. Ukipiga, na kwako kukanyamaza, unajua umefiwa kabla hujashuka garini. Hivyo ndivyo Byaombe alivyojua habari za mke wake wa kwanza. Alizima gari palepale kwenye kona, akalia.

Jumamosi, 12 Septemba

Amerudi. Au gari lake limerudi. Sijui niandikeje.

Mchana nilikuwa nachekecha unga. Nikasikia injini. Ile ile, na bomba la moshi lililofungwa waya, inakohoa kila gia ikibadilishwa. Kisha honi. Mbili fupi, moja ndefu.

Mikono ilikuwa myeupe kwa unga. Nikakimbilia kwa Koko, nikavuta nyasi. Kabla sijafika kwenye betri, honi ya Byaombe ikajibu kutoka upande wa pili wa kijito. Ndefu, ya furaha.

Nikabandika maji. Yakachemka. Yakakauka. Hakuja mtu.

Jumapili, 13 Septemba

Askari waliifuata honi ya Byaombe mpaka kibandani. Wamechukua gari, na yeye aliendeshe.

Mazoea yana taabu. Mzee mwenye busara zake zote, mkono ulitangulia.

Nimekwenda kwa mkewe, Mama Faila. Alikuwa amekaa chini, pale gari lilipokuwa, kwenye doa la mafuta. Nilitaka kuomba radhi, nikashindwa hata kujua naomba kwa ajili ya nani. Yeye ndiye aliyesema.

"Ni Baba Neema njo alipiga ile honi. Askari hawezi kujua vile. Mi siko na kasirani naye, Mama Neema. Lakini akirudia, we usijibu."

Nikamuuliza kama alimwona Etabo. Anasema nyuma ya usukani wa gari lililowaleta askari kulikuwa na mtu mwembamba, kichwa chini, kofia imefunika macho. Jirani yake anaapa alikuwa askari tu.

Jumanne, 15 Septemba

Siwezi kula. Ama mume wangu ameuza rafiki zake, ama wamemtesa mpaka akasema honi inapigwaje, kisha wakamuua, na wanazunguka na sauti yake. Namchukia. Namtaka nyumbani. Yote mawili, kwa moyo mmoja.

Nasikia ile injini kila mahali. Kwenye mashine ya kusaga. Kanisani, katikati ya zaburi. Watu wanasema gari hilo limeonekana njia ya Lusenda halina mtu ndani. Zamani ningewacheka.

Leo nimekaa ndani ya Koko. Kiti bado kina harufu ya tumbako yake.

Ijumaa, 18 Septemba

Asubuhi. Nilikuwa naanika ndagala, samaki wadogo wa ziwani. Injini, kikohozi, kona ya ghala. Mbili fupi, moja ndefu.

Niliingia ndani ya Koko. Niliunganisha betri, sitaficha. Nikaweka kiganja juu ya honi.

Ikapigwa tena. Polepole zaidi, kama mtu anayeita mlangoni akiogopa kuingia. Nikajua ni yeye. Kisha nikajua si yeye.

Ikapigwa mara ya tatu. Ile ndefu ilikatika katikati.

Sikujibu.

Injini ikazimwa kwenye kona. Ikakaa kimya muda mrefu. Kisha ikawashwa, ikaenda zake njia ya Kazimia, ikikohoa.

Jumapili, 20 Septemba

Nimemfuta Koko vumbi kabla ya misa. Vioo, taa, usukani. Betri nimeitoa, nimeifukia chini ya migomba.

Mama Faila ameniletea mihogo. Alinishukuru, nami sikutaka shukrani yake.

Kama alikuwa askari, nimemwokoa Koko, labda na roho yangu. Kama alikuwa Etabo, alizima gari pale kwenye kona, akasikiliza, na sasa anajua kwamba nimekufa.