Naomba Taka za Jirani Ili Gari Lisimame

Shangazi wa gazeti, kama wewe ni mkubwa kwangu pokea shikamoo, kama ni mdogo basi marahaba, naomba tu unisikilize mpaka mwisho na usicheke, au ukicheka, cheka ukishamaliza kunijibu.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na tisa, mkunga mstaafu, mume wangu alitangulia mbele ya haki miaka tisa iliyopita na watoto wangu wawili wana miji yao, kwa hiyo naishi peke yangu katika nyumba ya vyumba viwili yenye geti la bluu, na mtu wa peke yake, shangazi, hana taka, wiki nzima natoa mfuko mmoja tena haujai, mpaka wale wa gari la taka wakaniita Mama Mfuko Mmoja. Sasa katika gari hilo kuna mzee mmoja, msimamizi wao, wanamwita Kapteni kwa sababu ya filimbi yake, na Kapteni huyu kila Alhamisi saa mbili asubuhi hawaachii wenzake mfuko wangu, anashuka mwenyewe, anauliza goti langu limeamkaje, siku moja akanitengenezea bawaba ya geti, na siku nyingine akaniambia kwamba chupa zangu anazitambua hata zikiwa katikati ya lundo, kwa sababu katika mtaa mzima ni mimi tu ninayeziosha. Shangazi, nimezalisha wanawake miaka thelathini na moja, nimepewa vyeti, nimepewa saa ya ukutani, lakini sijawahi kusifiwa kwa jambo likanikaa moyoni kama zile chupa. Mke wake alifariki miaka sita iliyopita, aliniambia mwenyewe nilipomuuliza ni nani anayemfulia koti lake la kazi likang'aa vile, akasema anafua mwenyewe, nami siku hiyo nilipika nikasahau chumvi.

Tatizo limekuja na sikukuu. Mtaa mzima ulibandikwa tangazo kwamba kwa vile msimu huu taka ni nyingi, gari litapita Jumatatu na Alhamisi, mabaki ya chakula yawe na mfuko wake, chupa na makopo mfuko wake, maboksi yafungwe kwa kamba, na gari litasimama tu penye mifuko mitatu au zaidi, wenye kidogo wapeleke wenyewe kwenye pipa kubwa la kona. Nilisoma mara mbili. Watu wote walifurahia gari kuja mara mbili, mimi peke yangu nikawa kama niliyefiwa, na Alhamisi ya kwanza likapita, Kapteni akanipungia mkono tu kutoka nyuma. Basi shetani akanipitia, nikaenda kwa jirani yangu mama wa mapacha, ambaye nyumba yake msimu huu imejaa wageni mpaka kwenye korido, nikamwomba anipe taka zake. Akanitazama. Nikamwambia napenda kuzichambua, zinanichangamsha, akasema chukua mama, chukua zote, na tangu hapo natenga mabaki, naosha chupa za watu, nafunga maboksi kwa utepe, Jumatatu mifuko minne, Alhamisi sita, na gari linasimama, Kapteni anapakia taratibu, tunaongea na kucheka mpaka dereva anapiga honi, na nakuambia ukweli, sijapata kuwa na sikukuu tamu kama hizi.

Halafu watoto wangu wakaja bila taarifa, eti kunifurahisha. Mwanangu wa kiume, fundi umeme, alifungua stoo ya uani kutafuta ngazi, akakuta mifuko tisa na mlima wa maboksi, dada yake akafungua mmoja akakuta nepi, wakatazamana. Waliniuliza, nikasema ni za jirani, wakauliza za jirani zinafanya nini kwangu, nikaenda kuchemsha chai. Baadaye niliwasikia jikoni wakinong'ona kwamba mama kaanza kuokota, akili inamtoka, ni upweke huo. Jana mwanangu alinishika mikono yote miwili akasema, "Mama, Jumapili tunaondoka na wewe. Chumba chako kiko tayari." Machozi yalikuwa yanamlenga. Kwake ni safari ya siku nzima kutoka hapa. Sasa nikisema ukweli ni aibu, mama wa umri wangu kumpenda mtu wa gari la taka, na huenda yeye ananichangamkia tu kama anavyowachangamkia wengine wote, na nikinyamaza napoteza nyumba yangu na Alhamisi zangu. Nifanyeje?

Mama Mfuko Mmoja

*

Mama, shikamoo. Mimi ni mdogo kwako, kwa hiyo marahaba yako nimeipokea, lakini leo nitakusema kama mkubwa. Na nimecheka kabla ya kujibu, unisamehe, ofisi nzima imekuja kuuliza kulikoni. Barua yako imenifikia Jumatatu, nimemwomba mhariri jibu litoke Jumatano, maana Jumapili haiko mbali.

Nianze na wanao. Unawaachaje watoto walale na hofu kwamba mama yao anarukwa na akili, eti kwa sababu unaona aibu? Hiyo si haki hata kidogo. Mwanamume mzima anakaribia kulia mbele ya mama yake kwa ajili ya nepi za watoto wa watu, na wewe kimya. Kazini ni wanawake wangapi uliowaambia mficha uchi hazai? Leo zamu yako imefika. Sukuma.

Na aibu yenyewe ni ya nini? Wewe mjane, yeye mgane. Mtu anafua koti lake mwenyewe na anakumbuka goti lako, angekuwa daktari ungeshamtangaza mtaa mzima. Kazi yake ni kuhakikisha hatunuki wakati tumeshiba keki. Sioni aibu hapo, na ukiendelea kuitafuta tutakosana.

Sasa hili la kwamba anakuchangamkia kama wengine. Mama yangu, hapo umeniacha hoi. Mtu wa gari la taka anajua nyumba ipi imepata mgeni na ipi imeacha soda. Wewe umempa nepi. Za mapacha! Mwanamke anayeishi peke yake, mwenye mfuko mmoja usiojaa, ghafla anatoa nepi na maboksi ya wageni ishirini, na yeye anapakia taratibu bila kuuliza hata neno moja. Alijua tangu mfuko wa kwanza. Mapenzi ni kikohozi, mama, na wewe umekohoa mbele ya mtu mwenye masikio.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, kabla ya chakula, waketishe wanao uwaambie kwa sentensi moja: kuna mtu wa gari la taka nampenda, na zile taka zilikuwa za kulisimamisha gari lake. Watapiga kelele, binti yako atauliza maswali mpaka chakula kipoe, waache. Jumapili waondoke wenyewe, na kile chumba utakilalia ukienda kuwasalimia. Taka za jirani mrudishie, na umweleze ukweli, mwenye mapacha anahitaji kicheko kuliko wewe.

Kesho Alhamisi usitoe mfuko, hata mmoja. Vaa gauni unalolipenda, fungua geti saa mbili kasoro, simama nje mikono mitupu. Kwa tangazo lao, gari halipaswi kusimama hapo. Lisiposimama, niandikie unitukane, nimekubali. Likisimama, usingoje akuulize taka ziko wapi. Mwambie Jumamosi aje ale na wanao.