Besi Iliyomeza Ngoma ya Baba

Kiganjo, Thika
Jumapili, baada ya kanisa

Mulembe Baba,

Natumai barua hii imekukuta umekaa pale nje ya jikoni, chai umeshapewa, na huo mkono wa kulia unaanza kuamka. Dawa unameza kweli, ama unamwambia Mama umemeza halafu unatupia kuku? Nakujua wewe. Mimi mwili uko sawa, na kazi ya kiwandani bado ninayo. Ni roho tu haijatulia tangu Alhamisi. Nilitaka kupiga simu nikaogopa, kwa sababu najua sauti ingenikatikia njiani. Tafadhali soma hii mpaka mwisho kabla hujasema kitu.

Unajua nikitoka shifti ya asubuhi nashinda kwa kompyuta na ule muziki wangu, ule unaouita kelele za poshomili. Sasa huo muziki mwenyewe ni besi, ile sauti nzito ya chini ambayo mtu huisikia kifuani kabla ya masikio. Besi ikikaa vizuri, watu wanainuka. Ikikaa vibaya, kila kitu kinakuwa uji. Shida ni kwamba sauti mbili nzito haziwezi kukaa mahali pamoja. Lazima uchague moja ibaki huko chini, na hizo zingine uzikate sehemu ya chini ziipishe.

Kwa chumba changu nina wufa moja ndogo, ile spika ya besi, nimeiegemeza ukutani. Pale ninapokaa sikuwa nasikia besi hata kidogo, kwa hivyo nikawa naongeza tu. Siku moja jirani yangu Mama Shiro akagonga ukuta. "Haiya! Wewe kijana, sufuria zangu zinacheza zenyewe huku!" Mimi nikacheka. Kumbe besi yote ilikuwa inaenda kwake, na hiyo ndiyo siku nilipaswa kuanza kuogopa.

Baba, unakumbuka Desemba, vile ulinipigia ngoma yako ya isukuti kule nyuma ya zizi? Nilikuja na maikrofoni ya kurekodi, ile inayohifadhi sauti ndani yake, niliyoazima kwa Kamau, huyu rafiki yangu anayesimamia mitambo ya sauti kwa ukumbi mmoja huko Ruiru. Ulipiga mpaka kuku wakahama. Ukamaliza, ukajipangusa jasho, ukaniambia, "Haya, chukua uende nayo. Lakini usiichezee." Miezi miwili baadaye ndiyo mkono ukalala.

Niliichezea, Baba. Wacha niseme tu.

Niliiweka ndani ya wimbo wangu, na ngoma yako na besi yangu zikaanza kupigana. Kila nikipandisha moja, ingine inapotea. Basi nikaikata ngoma yako sehemu yote ya chini, ndiyo besi ipate pa kukaa. Hiyo siyo dhambi, kila mtu wa kazi hii hufanya hivyo. Lakini mtu hukata nakala, ile ya kwanza anaiweka kando. Mimi nilikuwa nimetoka shifti nimechoka kama punda, nikasevu juu ya ile ile ya kwanza. Na kwa maikrofoni hakuna kitu kilichobaki. Si mmetulea kwamba sufuria ya jirani hairudishwi chafu? Nilifuta kila kitu ndani yake, nikaipangusa hata vumbi, nikamrudishia Kamau ikiwa safi kabisa.

Alhamisi mchana aliniita Ruiru tuujaribu wimbo kwa spika kubwa za ukumbi, maana ulikuwa upigwe Jumamosi hii inayokuja mbele ya watu. Besi ikaanza. Kamau akashika kichwa. "Manze, hiyo besi imekaa!" Kwa dakika moja nilikuwa mtu mwenye furaha sana. Halafu ngoma yako ikaingia, ikalia kama mtoto anapiga kopo la mafuta.

"Irudishie chini kidogo," Kamau akasema.

Nikafungua kompyuta kutafuta. Huko chini hakukuwa na kitu. Nikamuuliza kama maikrofoni yake bado ina ile rekodi ya Desemba. Akaniangalia. "Si uliirudisha ikiwa safi? Mimi hata nilikushukuru."

Nilikaa sakafuni, Baba.

Kilichokatwa hivyo hakirudi, nimeuliza kila mtu anayejua. Kamau anasema tuupige tu Jumamosi, watu hawatajua. Nimekataa. Mimi nitajua. Na tangu siku hiyo nikifunga macho nakuona umenyamaza, vile ulinyamaza siku niliyotoka nyumbani, na hofu inanishika. Ugonjwa ulichukua mkono wako. Mimi nimechukua sauti yake.

Usimwambie Mama akurekodi na simu, simu haishiki sauti ya chini. Nimeomba ruhusa kazini na nimepewa. Hiyo Jumamosi ya Ruiru nitakuwa nyumbani, na maikrofoni ya Kamau kwa mfuko. Mkono wa kushoto unao. Wa kulia nitakupa wangu. Nakaa kando yako, wewe unapiga upande wako, mimi napiga upande wangu, na nikikosea unanikemea kama zamani nilipokataa kujifunza. Nimeanza kufanya mazoezi kwa mtungi wa maji. Mama Shiro ameshagonga ukuta mara mbili.

Nisalimie Mama, umwambie nitamletea maembe ya Ngoliba. Msalimie shangazi, na mke wa kaka pia, yule aliyekuwa anakuwekea ngoma juani kila mara kabla hujaipiga, ndiyo ngozi ikaze.

Na ni kuhusu hiyo ngoma ya juani nina ombi. Usinipigie simu unijibu, nitashindwa kupokea. Nikifika langoni nitasimama kwanza, niangalie uani. Nikikuta ngoma imewekwa juani, nitajua umekubali tupige, nitaingia. Na kama iko ndani, Baba, tafadhali toka uniite, kwa sababu peke yangu sitaweza kuvuka hilo lango.

Ni mimi mwanao, na ninaogopa,
Shikuku