Plastiki Iliyozama

Shangazi, shikamoo. Sijui hata nianzie wapi, maana anayekuandikia ni mtu aliyekata tamaa. Mimi na mdogo wangu wa kike tuna karakana nyuma ya nyumba aliyotuachia mama, tunaokota plastiki mitaroni, tunaiosha, tunaikatakata, tunaiyeyusha kwenye pipa na kuichanganya na mchanga, tunapata matofali ya kutandaza uani, magumu kweli, lori likipita juu hayapasuki, na wale waliotuita wehu wa jalala sasa ndio wateja wetu. Mimi nachambua, yeye anakoroga, na uchambuzi una sheria moja tu, kila kipande kitiwe kwenye beseni la maji, kikielea kiende pipani, kikizama kiwekwe kando, kwa sababu kati ya vinavyozama kuna mabomba ya maji, na hayo yakiungua hutoa moshi wa sumu.

Basi Shangazi, shule moja ikaagiza matofali ya uwanja mzima, plastiki ikatupungukia, nikakumbuka mabomba ya kijivu yaliyorundikwa nyuma ya choo, nikayakata, nikayatia majini, nikayaona kwa macho yangu yanazama, nikayaopoa na kuyafuta nikampelekea. Akaniuliza, "Dada, haya umeyapima?" Nikamjibu, "We koroga bwana, tunachelewa." Alikoroga siku nne.

Huu ni mwezi wa tatu anakohoa. Akipanda ngazi tatu za mlangoni lazima akae chini, na kwaya ameacha. Daktari alimuuliza kama amevuta moshi wowote mbaya, akasema, "Hapana, dada yangu ni makini sana." Mimi nimekaa pembeni yake nimeshika mkoba wake, na nikanyamaza. Jana kaniambia Jumatatu anarudi pipani. Nikimwambia ukweli nitampoteza, na sina mwingine. Nifanye nini?

Dada Mkubwa

Marahaba, Dada Mkubwa. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimetaka kukuzaba kibao, kisha nikataka kukushika mkono. Unaogopa kumpoteza? Unampoteza sasa hivi, mkoba wake ukiwa mapajani mwako. Daktari anatibu kwa kubahatisha, na jibu unalo wewe.

Kazi yenu ni nzuri na mtaa unaihitaji, hilo sikunyimi. Lakini taka mliyoitoa mtaroni umeihamishia kifuani mwa mdogo wako, ukijua.

Sasa nisikilize. Zima moto leo, usingoje Jumatatu. Chukua kipande cha bomba lile, kitie kwenye mkoba uleule. Mwambie kabla hamjatoka nyumbani, kwa mdomo wako, na usianze na habari za shule wala haraka. Atalia. Huenda akakutukana, huenda asiseme nawe mwaka mzima, na utavumilia kwa sababu umeyataka mwenyewe. Kisha nendeni wote kwa daktari, ukakiweke kipande mezani. Sikuahidi kwamba atapona. Sijui, na wewe hujui.

Karakana isifunguliwe mpaka pipa lihamie mahali pa wazi na mpate barakoa za kazi, si vitambaa vya kufunga puani. Na siku hiyo ikifika, kama bado atataka kufanya kazi nawe, yeye akae kwenye beseni, na wewe ukoroge.