Kisanduku Kinachosikiliza Moyo Wangu

Mayi, mama yangu mpendwa,

Unakumbuka tulipokuwa tukipukuchua mahindi nyuma ya nyumba yangu hapa Kitale, kifaa cha kuushtua moyo nilichopandikizwa kifuani kikanipiga shoti mbele yako? Nilianguka juu ya magunzi. Ulinishika kichwa ukimwita Yesu mpaka nikafumbua macho. Baadaye hospitali ya Nairobi ikanipa kisanduku cha kuweka kando ya kitanda, kilichounganishwa na simu ya waya. Kila nikilala, kinausoma moyo wangu na kuwapelekea wauguzi wa huko habari.

Ulikitazama kwa mashaka. "Ati hawa watu wanasikia hata tukiongea?"

"Hapana, Mayi. Wanasikia moyo tu."

"Sasa si huo moyo ndio unaongea mambo mingi."

Nilicheka. Sikujua bado kwamba nimefungwa, kwamba kila usiku lazima nilale kando ya kisanduku. Kwako Bokoli hapakuwa na simu ya waya, kwa hivyo ulipougua nilikuwa nikija asubuhi na kuondoka kabla ya jua kutua, kama mgeni. Nilikupikia uji, nikakugeuza kitandani, kisha nikaanza kutazama mlango. Na wewe uliniona nikiutazama.

Siku moja ulinishika mkono. "Lala hapa leo, Nekesa. Mimi nitausikiliza huo moyo."

Nikalala. Uliweka kiganja kifuani pangu, pale ngozi ilipoinuka juu ya kifaa. Sijapata usingizi mtamu kama ule tangu nipasuliwe.

Niliporudi Kitale, muuguzi akanipigia simu. "Jana hatukukupata. Ulikuwa wapi?"

"Kwa mama."

"Pole, madam. Lakini tafadhali usirudie."

Sikurudia. Juma lililofuata uliaga dunia alfajiri, kaka na dada zangu wote wakiwa kando yako, mimi nikiwa hapa na waya wangu. Watu huniambia nishukuru, kifaa hiki kimeniweka hai. Nashukuru, Mayi. Lakini uhai wenyewe una urefu wa waya ule.

Tulikuzika, na jioni hiyo hiyo nikarudi kulala nilikoamriwa kulala. Nililia mpaka mto ukalowa. Asubuhi muuguzi akapiga tena, safari hii kwa sauti ya furaha.

"Habari njema, madam. Usiku mzima moyo wako ulikuwa sawa kabisa."

Nikamwambia asante.

Pumzika, Mayi wangu.

Kitinda mimba wako,
Nekesa