Mpira wa Tundu la Waya

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, 14 Mei

Mpendwa Kaka,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi ulichoniandikia kimekuachia. Wifi hajambo? Mimi sijambo. Mama ndiye mwenye habari, nawe soma mpaka mwisho kabla hujapiga simu.

Ile sensa ya oksijeni uliyotutumia, ya kupima moshi wa injini, niliifunga kwenye gari la Mama tarehe 22 Aprili. Cheche, fundi wa kuchomelea, alitoboa ekzosi, lile bomba la moshi, akachomelea nati yake, nami nikakaza sensa. Inafanya kazi kama ulivyosema. Ile ya zamani ilijua kusema petroli imezidi au imepungua, basi. Hii inatoa namba kamili kwenye geji.

Ila waya wake niliupitisha kwenye tundu nililotoboa sakafuni, chini ya kiti cha nyuma. Ndicho kiti cha Mama.

Tarehe 24 kichwa kikaanza kumuuma. Zahanati wakasema ni presha, aende kila siku kupimwa. Nikawa nampeleka mwenyewe, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi. Kila akifika kule yuko hoi kuliko alivyotoka nyumbani. Shangazi alishaanza kuniuliza kama umejulishwa.

Jana nilifungua daftari langu kutafuta siku kichwa kilipoanza. Mistari michache juu yake nikakuta mwandiko wangu: "Mpira wa kuziba tundu la waya, kesho." Sikuuweka, Kaka. Nikaingia chini ya gari na maji ya sabuni, Cheche akawasha injini, na mapovu yakatoka pale pale alipochomelea. Moshi ulikuwa ukipanda kupitia tundu lile hadi alipokaa Mama.

Tumechomelea upya na tundu nimeziba. Daktari nimemweleza yote. Kesho anataka kumpima moyo, aone kama moshi umeudhuru.

Mama nilimwambia mwenyewe.

"Kumbe uzee wangu ulikuwa unatoka kwenye bomba," akasema.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Kesho aendeshe huyo Cheche wako. Mimi nitakaa mbele, dirisha wazi. Wewe kaa pale pangu nyuma."

Nimeshaandika kwenye daftari: kesho, kiti cha nyuma. Hii sitaiahirisha.

Nisalimie wifi na wale mapacha. Shangazi anakusalimu, ingawa hasemi nami. Mungu akulinde huko uliko, na amwache Mama akusubiri.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote.