Kwaheri ya Mlango wa Jikoni

Malangali,
Sumbawanga.
Jumapili, baada ya misa.

Mpendwa mdogo wangu Klementina,

Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa: marahaba. Nawe pokea salamu zetu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini u mzima, na kile kikohozi ulichonilalamikia kwenye simu kimekuachia. Sisi hatujambo. Baba anatembea vizuri, mguu unamsumbua asubuhi tu, na ulezi wa mwaka huu umekubali. Mimi nasuka nywele pale pale Majengo, na vidole bado ninavyo.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu ungenikata kauli, au ungeniambia nisubiri umalize kupakwa poda, nami ningepandwa na hasira nikaacha la maana. Kwa hiyo nampa kondakta wa basi bahasha hii. Isome ukiwa umekaa.

Nianze na umaarufu wako, maana huku hakuna habari nyingine. Marudio ya mchana ya tamthilia yakianza, saluni yangu inajaa wasiosuka. Elizabeth, mke wa Andwele, wale watu wa Mbeya wenye duka la vitambaa jirani yangu, hufunga duka na kuja na kigoda chake mwenyewe. Akitokea Mama Ulezi, yule muuza uji uliyepewa umwigize, akapangusa viganja kwenye kitenge, akachuchumaa na kupiga makofi ya salamu kama wanavyosalimu wazee wetu, basi wote hucheka na kupiga naye. Juzi alikuja mteja wangu mzee kutoka Mazwi. Nikapangusa viganja, nikachuchumaa kidogo kumpokea. Elizabeth akasema mbele ya watu kwamba siku hizi Cornelia naye anamuiga mdogo wake. Nilimsuka yule mama wa watu kwa nguvu mpaka akalalamika kichwa.

Basi nikuambie wazi: nakuonea wivu. Si wa nguo wala wa picha zako za mtandaoni. Wewe mwenyewe sema, kati yetu ni nani aliyekuwa mwigizaji? Kila Ijumaa Kuu mimi ndiye niliyekuwa Bikira Maria chini ya msalaba, na akina mama wa parokia walitoa machozi ya kweli. Wewe ulikuwa miongoni mwa wanawake wa Yerusalemu, na ulikuwa ukicheka ndani ya mtandio. Halafu akaja yule mwongozaji kutafuta watu wa filamu, akataka kila mmoja amwigize mtu anayemfahamu nyumbani kwao. Mimi nikalia kilio changu cha Ijumaa Kuu. Wewe ukapangusa viganja vilivyokuwa vikavu kabisa, ukachuchumaa, ukapiga makofi mawili, ukatulia kidogo, ukapiga la tatu. Mama mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni, akacheka mpaka akajifuta macho. Ukachukuliwa wewe.

Sikatai kwamba ulihangaika. Najua ulianza kwa kufungua geti na kusema karibu bosi, basi, hatukuoni tena. Ukawa maiti kwenye filamu moja, ukawa nesi asiye na jina kwenye nyingine, na kuna siku ulilala na njaa usitake tujue. Lakini kilichokutoa ni mikono ya Mama yangu. Ndiyo, alikulea tangu mzazi wako, Mama Mdogo Lucia, alipokuleta hapa ukiwa unaanza shule, na hakutubagua hata kwenye mnofu. Ila mimi ndiye niliyetoka tumboni mwake, na leo nchi nzima inamwona Mama yangu inasema huyo ni Klementina.

Na Baba naye. Tangu tumzike Mama, alikuwa mtu wa kujibu ndiyo na hapana. Nilimpikia, nilimfulia, nilimsomea Injili, akanishukuru kama anavyoshukuru mgeni. Alipoanza kuonekana huyo Mama Ulezi wako, Baba akaanza kunyoa ndevu. Ikawa kila jioni anavaa koti la kanisani, anakaa mbele ya runinga, na ukipiga makofi yako anaitikia kwa yake, taratibu, kama alivyomwitikia Mama. Siku moja nilimuuliza kama anadhani ni yeye. Akanitazama kwa huruma, akasema hajawa mjinga, anajua kabisa huyo ni Klementina, ila mikono ni ya mke wake. Mikono hiyo hiyo mimi ninayo, Klementina. Nampakulia ugali kwayo kila siku na haitazami.

Sasa nije kwenye sababu ya barua. Uliponieleza kwa siri kwamba mtunzi anamuua Mama Ulezi kwa kuwa wewe umepata filamu kubwa, nilikupongeza. Simu ilipokatika nilicheka peke yangu. Nikasema aliye juu mngoje chini. Niliona Mama sasa anarudi nyumbani, atakuwa wangu. Na siri yako haikulala: wakati wa chakula nilimwambia Baba, kwa makusudi, nione uso wake utakuwaje.

Hakukasirika. Alirudisha tonge kwenye sahani, akauliza atakufa kwa nini. Nikasema sijui. Akauliza kama ataaga. Kisha akaniambia jambo ambalo hajawahi kulitamka: siku ile Mama alipoanguka asiinuke tena, yeye alikuwa ametoka na giza kuwahi kuvuna ulezi, na kwa haraka zake alipitia mlango wa mbele. Hakupita jikoni. Alipokwisha kusema hayo akanawa mikono akaenda kulala. Tangu nimpe habari hiyo, koti hajalivaa.

Wewe huwezi kujua maana ya kutopita jikoni, maana hukuwa mtu wa kuamka mapema. Mimi ndiye niliyewasha moto pamoja na Mama. Kila alfajiri Baba akitoka na jembe, Mama alimuaga pale mlango wa jikoni, na hakumuaga kwa makofi hayo unayowachekeshea watu. Nilipotambua kwamba huijui kwaheri yake, nilimshukuru Mungu. Ndicho kitu pekee cha Mama ambacho hujanichukulia, na nilikusudia kuzeeka nacho.

Nakupa. Unapangusa viganja kama kawaida. Huchuchumai, unabaki umesimama. Unapiga kofi moja tu, dogo, kisha huviachanishi viganja. Unaviacha vimekutana kifuani mpaka mwenye kwenda apite kona ya banda la kuku. Yeye hageuki, lakini anajua uko pale. Mama hakusema neno. Nawe usiongeze neno, nakujua unavyopenda kuongeza.

Mama Ulezi kufa au kupona hakuko katika uwezo wako, hilo nimelielewa. Lakini mikono unaitumia wewe. Popote watakapomuulia, hospitali au njiani, tafuta mlango, itazame kamera, uage. Watu watauliza hiyo ni nini. Waache waulize.

Siku hiyo nitamvalisha Baba koti hata kwa kumbembeleza, nami nitakaa kando yake. Nitaiona kwaheri yangu ikitoka mikononi mwako, na usidhani wivu wangu umeishia kwenye karatasi hii. Wivu huo utanila. Ila usikosee, mdogo wangu. Atakuwa anangoja kuagwa.

Elizabeth anaomba picha yako yenye sahihi. Nilikuwa nimeapa sitakufikishia, basi ombi hilo nalo umelipata. Baba anakusalimu, hajui nimeandika nini. Wasalimie wenzako wa kazini, kula ushibe, na usisahau kumwombea Mama yetu.

Ni mimi dada yako,
Cornelia